Mali Bila Daftari: Kuuza Nyumba Ughaibuni na Kuleta Fedha Nyumbani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo husemwa zaidi dukani na ghalani, lakini hakuna mali inayoihitaji kama nyumba iliyoko ng'ambo, ambayo mwenyewe hawezi kuizunguka jioni akakagua milango na madirisha yake.

Koo nyingi zinazouzunguka Mlima Meru, kuanzia Ngaramtoni hadi King'ori, zina watu walioondoka nyumbani wakiwa vijana. Wengine walikwenda kusoma, wengine kufanya kazi ya uuguzi au ualimu, wengine waliolewa au kuoa huko. Baada ya miaka ishirini wapo waliofanikiwa kununua nyumba. Sasa wanazeeka, wanataka kurudi Poli, Akheri au Nkoaranga, na swali linalowakabili ni moja: nyumba ile itauzwaje, na fedha yake itafikaje nyumbani ikiwa salama?

Somo hili linaeleza njia hiyo hatua kwa hatua. Jambo kubwa la kushika ni kwamba fedha ya nyumba haina budi kusafiri pamoja na karatasi zake. Fedha hiyo hupita katika malango matatu: mamlaka ya kodi, benki na ofisi ya ardhi. Katika kila lango anayeulizwa maswali ni mwenye fedha, na wa kumjibia ni karatasi alizotunza.

Mfano wa muuguzi wa Nkoaranga

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Muuguzi mmoja, mzaliwa wa Nkoaranga, alinunua nyumba katika mji wa Leicester, Uingereza, mwezi Julai 2015 kwa pauni 150,000. Aliishi humo miaka sita. Julai 2021 alistaafu na kurudi Meru, akaiacha nyumba ikiwa na mpangaji. Julai 2025 aliiuza kwa pauni 210,000. Gharama zote za kununua na kuuza, zikiwamo ada za mawakili na dalali, zilifika pauni 5,000; kati ya hizo, pauni 3,000 zilikuwa za siku ya kuuza. Mkopo wa benki uliobaki ulikuwa pauni 62,000.

Kwa mtazamo wa ndugu waliobaki nyumbani, muuguzi huyu amepata pauni 210,000. Kwa hesabu ya kweli, siku ya kukabidhiana wakili wake analipa kwanza mkopo, kisha ada, na kinachobaki ni pauni 145,000. Kodi bado haijatolewa. Familia ikielewa hesabu hii mapema, manung'uniko mengi huepukwa.

Muda wa kuuza ndio unaoamua kodi

Uingereza ilianza tarehe 6 Aprili 2015 kuwatoza watu wasioishi nchini humo kodi ya ongezeko la mtaji kwa nyumba za makazi wanazouza huko. Muuzaji anatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka ya mapato ya nchi hiyo na kulipa kodi ndani ya siku 60 tangu siku ya kukabidhiana. Taarifa hiyo hutolewa hata kama hakuna kodi ya kulipa, na anayechelewa hutozwa faini. Wengi hunaswa hapa, kwa kudhani kwamba wakili aliyeuza nyumba amekwisha kumaliza kila kitu.

Sheria hiyo ina nafuu kwa mtu aliyeishi katika nyumba yake. Miezi yote aliyoishi humo kama makazi yake makuu haitozwi kodi, na miezi tisa ya mwisho ya umiliki husamehewa pia. Muuguzi wa mfano wetu alimiliki nyumba kwa miezi 120. Aliishi humo miezi 72; ikiongezwa tisa ya mwisho inakuwa 81. Miezi 39 iliyobaki ndiyo inayotozwa.

Faida yake, baada ya kutoa gharama, ni pauni 55,000. Sehemu ya 39 kwa 120 ya faida hiyo ni pauni 17,875. Akitoa msamaha wa mwaka wa pauni 3,000, zinabaki pauni 14,875. Kwa kuwa hana kipato kikubwa kingine Uingereza, kiwango chake ni asilimia 18, hivyo anadaiwa takriban pauni 2,678. Anabakiwa na pauni 142,300 hivi. Kama angeuza ndani ya miezi tisa tangu alipohama, asingedaiwa kitu Uingereza kwa ongezeko hilo.

Ikumbukwe kwamba hesabu hii iliwezekana kwa sababu muuguzi alitunza mkataba wa ununuzi, risiti za mawakili na ushahidi wa miaka aliyoishi katika nyumba hiyo. Asiye na risiti ya gharama hukosa kitu cha kuondoa katika faida, akalipia kodi fedha ambayo hakuipata.

Marekani na Kenya

Marekani ina utaratibu mwingine. Kwa sheria ya mwaka 1980, muuzaji ambaye si raia wala mkazi wa kikodi wa nchi hiyo kwa kawaida hukatwa asilimia 15 ya bei yote ya mauzo, wala si ya faida peke yake. Nyumba ya dola 400,000 inaweza hivyo kuzuiliwa dola 60,000 siku ya mauzo, hata kama faida ilikuwa ndogo. Kipo kiwango nafuu pale mnunuzi anaponunua ili aishi humo mwenyewe, kutegemea bei.

Fedha iliyozuiliwa haijapotea. Muuzaji huwasilisha ritani ya kodi, hesabu halisi ikafanywa, na kilichozidi hurudishwa. Anaweza pia kuomba cheti cha kupunguziwa makato, lakini ombi hilo lipelekwe kabla au ifikapo siku ya kukabidhiana. Aidha, mtu aliyeimiliki nyumba na kuishi humo kama makazi yake makuu kwa miaka miwili katika mitano kabla ya kuuza anaweza kusamehewa kodi ya faida hadi dola 250,000. Kwa hiyo anayeondoka Marekani na kukaa miaka minne Meru akingoja bei ipande anaweza kuikosa nafuu hiyo kabisa.

Wapo pia wakazi wa Arusha wenye nyumba Nairobi au Kajiado, walizonunua wakiwa kazini au walizorithi. Kenya ilirudisha kodi ya ongezeko la mtaji tarehe 1 Januari 2015 kwa asilimia 5, ikaipandisha hadi asilimia 15 ya faida kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi humo mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Shamba la kilimo haliuzwi mpaka bodi ya udhibiti wa ardhi ya eneo hilo itoe kibali. Ukaribu wa Namanga usimfanye muuzaji adhani kwamba biashara hii ni ya kumaliza kwa safari moja ya asubuhi.

Kodi hapa nyumbani

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humtoza mkazi wa Tanzania kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje ya nchi. Mkazi kwa maana ya sheria hiyo si yule tu aliyekaa nchini siku 183 au zaidi katika mwaka. Mtu mwenye makazi ya kudumu nchini, aliyekuwepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, naye huhesabiwa mkazi. Anayefanya kazi ng'ambo lakini ana nyumba yake Usa River, akija kila Krismasi kula sikukuu na wazazi, asijihesabu moja kwa moja kuwa si mkazi. Aulize kwanza.

Muuguzi wa mfano wetu alirudi mwaka 2021 na kuuza mwaka 2025, hivyo mauzo yake yalifanyika akiwa mkazi wa Tanzania. Anatakiwa kuyaonyesha katika ritani yake, ambayo kwa mtu binafsi huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kuisha. Hesabu ya hapa hufuata sheria ya hapa. Nafuu ya miezi tisa ya Uingereza haimo. Kodi iliyolipwa nje, hata hivyo, huweza kuombewa unafuu ili faida ileile isitozwe mara mbili kwa ukamilifu. Unafuu huo hutolewa kwa mwenye ushahidi wa malipo. Risiti ya mamlaka ya kodi ya ng'ambo ni sawa na fedha taslimu, na itunzwe hivyo.

Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi chache, zikiwamo Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Uingereza na Marekani hazimo katika orodha hiyo. Kwa sababu hiyo, anayetarajia kuuza nyumba katika nchi hizo mbili afike ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania Arusha kabla ya kuuza, aulize kwa maandishi na kupata jibu kwa maandishi. Kupanga kunawezekana kabla ya mauzo; baada ya mauzo kinachobaki ni kulipa.

Kuuza ukiwa mbali

Aliyekwisha kurudi Meru halazimiki kupanda ndege kwa kila sahihi. Anaweza kumpa mtu hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria inayomruhusu kutenda kwa niaba yake. Hati hiyo isainiwe mbele ya mthibitishaji wa hati, na pale nchi ya nyumba inapodai, ithibitishwe zaidi na Wizara ya Mambo ya Nje na ubalozi wa nchi husika. Iandikwe kwa kazi moja tu: kuuza nyumba fulani, yenye anwani fulani, kwa bei isiyopungua kiasi fulani, na fedha kulipwa katika akaunti ya mwenye nyumba. Hati inayosema mwakilishi afanye "lolote" ni hatari, hata mikononi mwa ndugu mpendwa.

Aliyerithi nyumba ajue kwamba hati ya usimamizi wa mirathi iliyotolewa na Mahakama ya Mwanzo hapa haiuzi peke yake nyumba iliyoko nje. Mahakama ya nchi ilipo nyumba haina budi kuitambua au kutoa hati yake yenyewe. Kazi hiyo huchukua muda, na ianze kabla ya kutafuta mnunuzi.

Upo pia ulaghai wa aina mbili. Wa kwanza ni wa matapeli wanaojifanya wenye nyumba na kujaribu kuiuza, hasa nyumba ambayo mmiliki haishi humo. Kwa Uingereza na Wales, ofisi ya usajili wa ardhi ina huduma ya bure ya kumtahadharisha mmiliki kwa barua pepe pale mtu anapogusa daftari la nyumba yake. Hata aliyeko Tengeru anaweza kujiandikisha. Wa pili ni barua pepe inayofika siku chache kabla ya malipo, ikionekana kutoka kwa wakili, ikisema namba ya akaunti imebadilika. Kanuni ni moja: namba ya akaunti haibadilishwi kwa barua pepe. Apigiwe wakili kwa namba ya simu iliyojulikana tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa katika barua hiyo.

Fedha njiani

Hapa ndipo familia nyingi hukosea kwa nia njema. Muuguzi wa mfano wetu ana akaunti ya shilingi tu. Kaka yake wa Arusha mjini ana akaunti ya dola na anasema, "Dada, tuma kwangu, nitakutolea kidogo kidogo." Pengine kaka ni mwaminifu kabisa. Lakini siku fedha itakapoingia kwa jina lake, kwa karatasi itakuwa ya kaka. Benki itamuuliza yeye chanzo chake, na akifariki kesho, fedha hiyo itatajwa katika mirathi yake, si ya dada yake.

Njia sahihi ni kufungua akaunti ya fedha za kigeni kwa jina la mwenye fedha, jina lilelile lililo katika mkataba wa mauzo na pasipoti. Tofauti ya majina, kwa mfano jina la ndoa upande mmoja na jina la baba upande mwingine, imalizwe mapema kwa cheti cha ndoa au hati ya kiapo. Kabla ya kiasi kikubwa kutumwa, utumwe kwanza mfano mdogo, na mwenye akaunti athibitishe kuwa umefika.

Benki itauliza fedha imetoka wapi. Hilo si tusi wala tuhuma. Sheria ya Kudhibiti Utakasishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 inazitaka benki kumjua mteja na chanzo cha fedha zake. Anayefika tawini wiki mbili kabla na mkataba wa mauzo, taarifa ya mwisho ya hesabu kutoka kwa wakili na risiti ya kodi hupokewa kwa urahisi. Anayeleta maelezo baada ya fedha kuingia anaweza kukuta akaunti imesimamishwa huku fundi akisubiri saruji.

Fedha taslimu haishauriwi. Mtu anayeingia au kutoka nchini na fedha taslimu zenye thamani ya dola 10,000 za Marekani au zaidi anatakiwa kuzitamka kwa maofisa wa forodha, iwe Namanga au Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro. Kutamka si kulipa kodi. Ni kujaza fomu. Kutotamka ndiko kunakoweza kufanya fedha halali ikamatwe kama ya magendo. Vilevile aepukwe mtu anayepokea pauni London na kuahidi kutoa shilingi Arusha bila leseni wala risiti. Hata akitimiza ahadi, shilingi hizo zinafika zikiwa hazina historia, na mwenyewe hatakuwa na la kuonyesha.

Bei ya kubadilisha fedha nayo ipimwe. Tofauti ya shilingi 20 kwa dola moja huonekana ndogo, lakini kwa dola 100,000 ni shilingi 2,000,000. Benki Kuu ya Tanzania hutangaza viwango kila siku ya kazi. Mwenye fedha alinganishe viwango vya benki mbili au tatu, kisha azungumze. Kwa kiasi kikubwa, bei huzungumzika.

Fedha ikifika: jina katika ardhi

Lango la mwisho liko hapa kwetu. Kanuni za mwaka 2025 kuhusu matumizi ya fedha za kigeni zinakataza kupanga bei na kupokea malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni. Mkandarasi anayedai dola anavunja sheria. Mwenye fedha abadilishe kadiri kazi inavyokwenda, na kila malipo yaambatane na risiti.

Suala la uraia ni zito zaidi. Sheria ya Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, hivyo aliyechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari hupoteza ule wa Tanzania. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Utaratibu wa hadhi maalum kwa watu wenye asili ya Tanzania, uliopitishwa na Bunge mwaka 2025, unalenga kuwafungulia mlango watu hao. Lakini mhusika anatakiwa kwanza kuomba na kupewa hadhi hiyo, ndipo anunue. Wengine hukwepa hatua hii kwa kununua kwa jina la mdogo wao au mpwa. Mtu huyo ndiye mmiliki mbele ya sheria. Akiingia deni, akifarakana na mkewe au akifariki, nyumba iliyojengwa kwa jasho la miaka ishirini huwa mali ya kugombewa na watu wengine.

Anayenunua kiwanja chenye hati afanye upekuzi katika ofisi ya ardhi kabla ya kulipa hata shilingi moja, aone jina la mmiliki, deni la benki na zuio lolote. Kama nyumba ni ya ndoa, ridhaa ya mwenzi wa muuzaji iwe kwa maandishi. Katika ardhi ya kijiji, inayosimamiwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi; Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoidhinisha, na mnunuzi apewe nakala ya muhtasari wa kikao. Kwa viwanja vya kando ya mito inayoshuka kutoka mlimani, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Muuzaji anayesifu uzuri wa maji yanayopita mlangoni aulizwe mita ni ngapi. Kibali cha ujenzi kiombwe kabla ya kuchimba msingi.

Karatasi za kutunza

Mwenye nyumba ng'ambo aanze leo kukusanya yafuatayo katika jalada moja, na nakala zake ziwe kwa mtu wa pili anayeaminika:

1. Mkataba wa kununua nyumba, na risiti za ada na matengenezo makubwa.
2. Ushahidi wa miaka aliyoishi humo, kama vile bili na barua za kodi ya makazi.
3. Hati ya uwakilishi au hati ya mirathi, pale inapohusika.
4. Mkataba wa mauzo na taarifa ya mwisho ya hesabu kutoka kwa wakili.
5. Uthibitisho wa benki kwamba mkopo umelipwa wote.
6. Taarifa na risiti ya kodi ya nchi ilipokuwa nyumba.
7. Stakabadhi ya benki ya kila fedha iliyotumwa, kupokelewa na kubadilishwa.
8. Ritani na barua za Mamlaka ya Mapato Tanzania.
9. Matokeo ya upekuzi, mkataba wa ununuzi wa ardhi, muhtasari wa kijiji na kibali cha ujenzi.

Jalada hilo halina uzito mkubwa mkononi. Lakini siku mwenyewe atakapokuwa hayupo tena, ndilo litakalowaeleza watoto wake nyumba ya Nkoaranga ilitoka wapi na ni ya nani, bila wao kulazimika kumuuliza mjomba.